Nyumba ya Babu Kariakoo Imejaa Historia: Ruzuku ya Kuihifadhi Inaombwa Wapi?

SWALI

Shikamoo Mama,

Naandika kuhusu nyumba ya marehemu babu yangu iliyopo Kariakoo. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Aliijenga mwaka 1936. Kuta ni za miti na udongo, zimepakwa chokaa. Bati limeshabadilishwa, lakini mlango wa mbele ni ule ule wa nakshi, na wazee wanasema ulichongwa na fundi wa Bagamoyo. Babu alikuwa mpiga fidla katika klabu ya taarabu, na miaka ya hamsini akaingia TANU. Chumba cha mbele kilikuwa cha mazoezi usiku na cha mikutano mchana, na babu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Tunazo fidla mbili, gramafoni na santuri zake, daftari za mahudhurio za klabu, kadi za chama, barua, na picha zaidi ya mia mbili ambazo nyingi zina majina nyuma kwa mwandiko wake.

Babu alifariki mwaka 1989. Katika watoto wake watano wamebaki watatu: baba zangu wakubwa wawili na shangazi. Mirathi haikufunguliwa mpaka leo, na hati bado ina jina la babu. Vyumba viwili vya uani tumewapangisha wafanyabiashara kama stoo, na pango hilo ndilo linalotusaidia kulipa kodi ya jengo na matengenezo madogo madogo.

Mimi na vijana wenzangu sita wa mtaani tumekifanya chumba cha mbele kuwa makumbusho ndogo. Walimu wa shule za jirani wanaleta wanafunzi, na wazee wa mjini wanakuja kutambua sura zilizomo kwenye picha. Hatutozi kiingilio. Tatizo ni kwamba ukuta wa upande wa kusini umepasuka tangu jirani achimbe msingi wa ghorofa. Mvua za masika zikinyesha maji yanaingia ndani, na picha zimeanza kugandana.

Nimezunguka kuulizia ruzuku. Ofisi moja iliniambia hili ni suala la utamaduni, nyingine ikasema ni la maliasili, nyingine ikaniuliza kama nimesajili kampuni. Hapo ndipo alipojitokeza kaka mmoja anayesema ana watu wizarani. Anataka laki nane ya "fomu ya urithi wa taifa", nimtumie kwenye simu yake, na anaahidi ruzuku ya milioni hamsini ndani ya miezi mitatu. Vijana wenzangu wanataka tuchange.

Kuna na la baba mkubwa mmoja. Amepata mtu wa kuvunja nyumba na kujenga ghorofa, familia tupewe fremu mbili chini na vyumba juu. Anasema vitu vya babu nivichukue nikaviweke kwangu Mbagala. Hana nia mbaya. Miaka yote hii yeye ndiye anayewalipa mafundi kutoka mfukoni mwake, na amechoka.

Naomba unieleze: je, ruzuku ya serikali ya kuhifadhi nyumba kama hii ipo kweli? Naiombaje? Huyu kaka nimpe hela? Na baba mkubwa nimwambie nini?

Mjukuu, Kariakoo

JIBU

Marahaba mwanangu.

Hela usimpe. Malipo halali ya serikali siku hizi hutolewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo sote tunaiita kontrol namba, na fedha huingia kwenye akaunti ya serikali, haziendi kwenye simu ya mtu. Isitoshe, huyo anakuahidi kiasi na muda wakati hajaona katiba ya kikundi chenu, hajaona hati ya nyumba, hajauliza hata ukuta umepasuka wapi. Waoneshe wenzako maneno haya kabla hawajachanga. Meseji zake zitunze, na akiendelea kuwasumbua pigeni 113, namba ya bure ya TAKUKURU.

Ofisi zile zilizokuzungusha zilikuchosha, lakini nyuma ya mzunguko huo kuna jambo unalopaswa kulijua. Majengo ya kihistoria, magofu na makumbusho viko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, kupitia Idara ya Mambo ya Kale na Makumbusho ya Taifa. Muziki, ngoma na sanaa viko kwenye wizara yenye dhamana ya utamaduni. Barua, daftari na nyaraka zina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyo chini ya Ofisi ya Rais. Nyumba ya babu yako ina vyote hivyo, kwa hiyo kila ofisa aliona kipande chake na kipande cha mwenzake.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kutenganisha. Wewe una maombi mawili uliyoyafunga pamoja, na yanakwamishana. Kuna nyumba, ambayo ni ghali kuitengeneza na ina utata wa umiliki. Kuna na mkusanyo: picha, ala za muziki, daftari, kadi. Mkusanyo unaweza kuanza kuusaidia mwezi huu kwa fedha kidogo sana. Ukiendelea kuandika ombi moja la "kukarabati makumbusho yetu", tatizo la hati litazizuia hata picha zisipate msaada.

Tuanze na nyumba, maana hapo ndipo watu wengi hupotezewa muda kwa kutojua sheria inasemaje. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikafanyiwa marekebisho mwaka 1979. Kwa majengo, sheria hiyo inalinda moja kwa moja yale yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa pima mwaka huo na mji wetu. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji wake hapa katika miaka hiyo hiyo ya 1860, na Boma la Kale pale Sokoine Drive, ambalo ndilo jengo kongwe lililobaki katikati ya mji, ni la mwaka 1866 hadi 1867. Yaani hata Boma halivuki kigezo cha umri. Magofu ya Kunduchi, yenye msikiti na makaburi ya kale, yanavuka. Kariakoo nzima haivuki.

Hivyo usijenge hoja yako juu ya neno "kongwe". Kwa jengo la 1936 njia iliyopo ni Waziri kulitangaza kuwa la kihistoria kwa amri inayochapishwa katika Gazeti la Serikali, na kinacholifikisha huko ni kilichotokea ndani yake: nani walikutana pale, mwaka gani, kwa ushahidi gani. Daftari za mahudhurio za klabu na majina yaliyo nyuma ya picha vina uzito kuliko umri wa kuta. Lakini familia ijue mapema kwamba tangazo hilo ni mzigo pia. Likishatoka hamtabomoa wala kubadilisha jengo bila ruhusa, na tangazo lenyewe haliji na fedha. Nimeona familia zikigombana kwa sababu mmoja alipeleka jina la nyumba serikalini, wengine wakaja kusikia baadaye.

Mlango una habari yake peke yake. Sheria hiyo hiyo inaweka milango na miimo ya nakshi, ya mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki, iliyochongwa huku Bara kabla ya mwaka 1940, katika kundi la vitu vinavyolindwa. Kama ni kweli ulichongwa na fundi wa Bagamoyo nyumba ilipojengwa, umo. Wanunuzi wa milango ya kale wanazunguka sana pwani hii, na wanalipa taslimu. Yeyote katika familia asiuuze, asiung'oe, asimpe mtu "akautengeneze" kabla hamjapata maelekezo ya Idara ya Mambo ya Kale kwa maandishi. Upige picha sasa: mlango mzima, kila kipande cha nakshi kwa karibu, na vipimo vyake.

Sasa swali lako kuu. Fedha za kuhifadhi malikale zipo, lakini usitarajie dirisha ambapo familia inapeleka fomu na kurudi na hundi ya kutengeneza nyumba yake. Fedha za umma huenda kwenye mali ya umma, au kwa chombo kilichosajiliwa chenye haki ya kisheria juu ya mahali penyewe. Boma la Kale ni mfano ulio karibu nawe: lilifufuliwa likawa kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, na liliwezekana kwa kuwa ni jengo la umma lenye mwenye nalo anayejulikana.

Serikali za nje zinazotoa ruzuku za aina hii zinabana zaidi. Marekani ina Mfuko wa Mabalozi wa Kuhifadhi Utamaduni, ambao umewahi kusaidia magofu ya Kilwa Kisiwani. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na vikatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Masharti ya mfuko huo yanakataa jengo au mkusanyo wa mtu binafsi au wa biashara, na yanakataa hata ule ambao wenyewe wameahidi kuukabidhi kwa umma ilhali makabidhiano hayajakamilika siku ya kuomba. Maneno "tunatarajia kuikabidhi" hayatoshi. Uingereza nayo ina Mfuko wa Kulinda Utamaduni unaosimamiwa na British Council tangu 2016, na Tanzania imo katika nchi zake. Ujerumani, kupitia wizara yake ya mambo ya nje, imekuwa na mpango wa kuhifadhi urithi wa nchi nyingine tangu 1981. Mifuko hii hufungua na kufunga maombi kwa vipindi, na masharti hubadilika, kwa hiyo kabla hujaandika hata mstari mmoja muulize ofisa utamaduni wa ubalozi husika: dirisha liko wazi mwaka huu, na kikundi cha aina yetu kinaruhusiwa?

Hapa nyumbani kuna mlango mdogo ambao vikundi vya mtaani huusahau: Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, na fedha zake ni za miradi ya jamii. Hautajenga nyumba upya, lakini makabati, taa na meza za makumbusho inayopokea wanafunzi bure ni ombi la heshima kabisa, likipita kwenye serikali ya mtaa na kata. Mlango mwingine ni bajeti ya Halmashauri ya Jiji. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mapendekezo ya halmashauri huanza kupangwa miezi mingi kabla ya hapo. Anayefika kwa Afisa Utamaduni wa Jiji mwezi Mei na wazo zuri atasubiri mwaka mzima, kwa hiyo nenda mapema baada ya mwaka mpya wa fedha kuanza, ukiwa na diwani upande wako.

Kuna watakaokuelekeza Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na wengine mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri. Ni mambo mazuri kwa shughuli zake, lakini asilimia kumi ni mkopo wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na huo mfuko mwingine nao unatoa mikopo kwa wasanii. Makumbusho isiyotoza kiingilio italipa mkopo kwa fedha gani? Msikope kwa ajili ya jambo hili.

Narudi kwenye hati. Kwa sasa hakuna mtu katika familia yenu mwenye mamlaka ya kisheria ya kuiombea nyumba ruzuku, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna mwenye mamlaka ya kuitolea mkataba wa ghorofa. Mwenye jina alifariki 1989. Mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, sahihi ya baba mkubwa peke yake haiwafungi ndugu zake, wala watoto wa wale waliotangulia. Mwambie hilo kwa adabu, na umwambie kama kinga kwake: asije akachukua fedha ya mtu kisha ndugu wakamfikisha mahakamani. Kaeni kikao cha familia, mwandike muhtasari, mpendekeze msimamizi, kisha mwende Mahakama ya Mwanzo mkiwa na cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa. Miaka mingi imepita, kwa hiyo mtaulizwa sababu ya kuchelewa. Semeni ukweli. Warithi wa watoto wawili waliofariki wahusishwe tangu siku ya kwanza, kwa kuwa wakirukwa ndio watakaokuja kusimamisha kila kitu.

Kikao hicho kiende na hesabu ya baba mkubwa mezani. Nakuomba sana katika hili. Mtu aliyebeba nyumba kwa miaka yote hiyo hapaswi kuambiwa habari za urithi wa taifa na mjukuu ambaye hajawahi kumuuliza ametumia shilingi ngapi. Mkae naye kwanza, yeye na wewe tu, aorodheshe alichokitoa. Familia ikubali deni hilo kwa maandishi, lilipwe taratibu kutoka kwenye pango la stoo. Ukishafanya hivyo ndipo uzungumze habari ya kuiacha nyumba isimame.

Na kuna njia ya katikati. Warithi wanaweza kubaki na nyumba yao, vyumba vya uani viendelee kuingiza pango, na chumba cha mbele pamoja na ukumbi vikodishwe kwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), kwa mkataba wa miaka mingi na kwa kodi ya kutajwa tu. Bodi hiyo ndiyo ingekuwa na haki ya matumizi, akaunti na sahihi ambazo mfadhili anataka kuziona. Mwanasheria aliandike vizuri, hasa kifungu cha nini kinatokea warithi wakitaka kuuza. Iwapo kikao kitaamua ghorofa lijengwe, nitasikitika, lakini mali ni yao. Hapo pigania iandikwe ndani ya mkataba wa ujenzi kwamba chumba kimoja cha chini ni cha makumbusho, na mlango wa babu unawekwa hapo kwa maelekezo ya Idara. Ahadi ya mdomo ya mjenzi wa Kariakoo usiipokee.

Kabla ya yote hayo, ukuta. Wanafunzi wasikaribie upande wa kusini kuanzia leo. Kama hakuna njia ya kupita mbali nao, funga chumba. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib kule Zanzibar, jengo la mwaka 1883 lililo ndani ya Urithi wa Dunia, iliporomoka na kuua watu wakati ukarabati ukiendelea. Jengo la kale lililopasuka linahitaji mhandisi kabla ya fundi. Andikeni barua kwa mhandisi wa Jiji kupitia serikali ya mtaa mkieleza kwamba nyufa zilianza baada ya uchimbaji wa jirani, mbandike picha zenye tarehe, na mwombe jirani naye aje kwenye ukaguzi. Wakati mnasubiri, ukuta uegemezwe kwa nguzo na paa lifunikwe turubai pale linapovuja.

Fundi yeyote asije akaupiga ukuta huo plasta ya saruji. Najua ndivyo wengi wanavyofanya, na unapendeza kwa msimu mmoja. Ukuta wa udongo na miti hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji inaufungia ndani, miti inaoza, mchwa wanafuata, kisha plasta inaanguka pamoja na udongo ulioshikana nayo. Tumieni udongo kwa udongo na chokaa kwa chokaa. Mfadhili anayejua kazi hii akiona saruji kwenye bajeti yako ataiweka karatasi pembeni. Waandikieni pia Chuo Kikuu cha Ardhi muulize kama wanafunzi wa usanifu majengo wanaweza kuja kuipima na kuichora nyumba kama sehemu ya mafunzo yao. Michoro hiyo itaingia kwenye andiko lenu, na hata nyumba ikija kuvunjwa, itabaki.

Sasa mkusanyo, ambao ndio unaonipa matumaini makubwa. Picha zilizogandana usizivute. Ukivuta, sura ya mtu inabaki kwenye picha ya jirani yake. Ziache zilivyo, ziweke mahali pakavu, zilale bapa, mpaka zionwe na mhifadhi. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, iliyofunguliwa mwaka 1940, ina wataalamu wa kazi hiyo. Peleka barua na picha chache za simu zinazoonesha hali ilivyo, uombe ushauri. Zile zilizo salama ziinueni kutoka sakafuni, ziwe mbali na ukuta wenye unyevu, msizifungie kwenye mifuko ya plastiki ambayo kwa joto la Dar inatoa jasho. Ondoeni pini na stepla, zinaota kutu. Msitumie selotepu. Na nakuomba kwa mikono miwili, mtu asikushawishi kuzipeleka stationari zikafanyiwe lamination. Ile plastiki inayeyushwa juu ya picha kwa moto, na haitoki tena.

Kisha andikeni rejesta. Daftari la kaunta linatosha kuanzia. Kila kitu kipewe namba, kisha maelezo yake, kimetengenezwa kwa kitu gani, vipimo, hali yake, kilifikaje kwa babu, nani amekitambua na lini. Namba nyuma ya picha iandikwe kwa penseli laini, kidogo pembeni, kamwe si kwa kalamu ya wino. Mzee anapokuja akataja sura ya mtu, mrekodini kwa ridhaa yake, kwa maana wazee wanaomjua mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, wa miaka ya arobaini hawatakuwapo sana. Kazi hii haihitaji mfadhili, inahitaji jioni zenu. Na hakuna kitu kinachomgeuza mfadhili kama rejesta iliyojaa: inamwonesha kwamba mmeanza kazi bila yeye.

Ombi lenu la kwanza basi liwe la mkusanyo peke yake, na liwe dogo. Kabla ya kuliandika, warithi wasaini karatasi inayosema vitu hivi vimekabidhiwa kikundi kwa ajili ya umma, kwa orodha ya rejesta. Kikundi nacho kiwe na katiba, viongozi, mihtasari ya vikao na akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja. Kampuni hamhitaji. Anzeni kwa kusajiliwa kama kikundi cha kijamii kwenye halmashauri. Mkikua, kuna usajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali kwa sheria ya mwaka 2002.

Kwenye andiko lenyewe acheni maneno ya jumla. Watu huandika, "Makumbusho yetu ni muhimu kwa utamaduni na utalii wa taifa." Msomaji amekutana na sentensi hiyo kwenye kila andiko lililo mezani pake. Wewe andika hivi: "Katika chumba kimoja Kariakoo tuna picha zaidi ya mia mbili za wanamuziki na wanachama wa TANU, nyingi zikiwa na majina yaliyoandikwa na mmoja wao. Maji yanaingia kupitia ukuta uliopasuka na sehemu ya picha hizo imeshagandana. Tunaomba makabati mawili ya chuma, masanduku ya karatasi isiyo na asidi, mashine ya kunakili picha (skana) na siku za mhifadhi mmoja, ili kabla ya masika yajayo kila picha iwe imekauka, imenakiliwa na imeandikwa." Hapo mtu anaona kilichopo, kinachokiharibu, na fedha yake itafanya nini.

Bajeti iwe na bei za kweli, na ankara za kifani kutoka maduka mawili au matatu kwa kila kitu kikubwa. Muda wenu wa kujitolea uhesabuni kama mchango wenu. Na jibuni swali ambalo mara nyingi huachwa wazi: fedha ikiisha, nani atafungua mlango asubuhi, nani atalipa umeme, funguo ziko kwa nani? Kwenu jibu lipo tayari, ni pango la stoo. Liandikeni.

Kwa nyumba, mwaka huu usiombe fedha. Omba ukaguzi. Barua ya ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma, nakala kwa Afisa Utamaduni wa Jiji na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Eleza historia ya nyumba kwa aya mbili, ambatanisha picha sita, taja mlango na ufa, uombe ofisa aje kuiona na kutoa maelekezo kwa maandishi. Isainiwe na msimamizi wa mirathi akishateuliwa. Kabla ya hapo, wasaini warithi wote kwa pamoja, baba mkubwa akiwa wa kwanza. Nakala utakazozipeleka kwa mkono hapa mjini, beba na ya kwako, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.